Uzi wa malalamiko: Acheni kuwadanganya watu kwamba bangaloo ya kijijini Uingereza haihitaji kibali kuvikwa ukuta

Wakuu, uzi huu nauandika kwa hasira, mtanivumilia. Unawahusu mlioko Uingereza mlionunua zile nyumba za chini za vijijini, bangaloo za miaka ya 1960 na 1970, na sasa mnataka kubadilisha sura ya nje: plasta mpya, mbao za kuvika ukuta, madirisha, fishabodi (ubao wa ukingo wa paa unaoshikilia gata). Unawahusu zaidi wanaopita nyumba kwa nyumba na katalogi mkononi wakiwaambia wazee wetu, "Mama, hapa ni shamba, nyumba yako, ukuta wako, kibali cha nini?"

Huo ni uongo, na wengi wanaousema wanajua ni uongo. Fundi akishalipwa na kushusha jukwaa lake, barua ya kaunsili haimfuati yeye. Inamfuata mwenye nyumba.

Sheria yenyewe haijafichwa. Kwa England (Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana zao, msichanganye) kuna amri ya mwaka 2015 inayotaja kazi ambazo mwenye nyumba anazifanya bila kuomba kibali cha mipango. Kuta za nje zimo kwenye Daraja A. Soma masharti yake. Ardhi ikiwa ndani ya hifadhi ya taifa, ndani ya Broads (eneo la mito na maziwa la mashariki mwa England), ndani ya eneo la Urithi wa Dunia, ndani ya eneo la uhifadhi wa majengo, au ndani ya AONB (eneo lililotengwa kwa uzuri wa mandhari yake) kama Cotswolds, Chilterns na Surrey Hills (tangu Novemba 2023 zinaitwa National Landscapes, katazo ni lilelile), basi huruhusiwi kuvika sehemu yoyote ya nje ya nyumba kwa mawe, mawe bandia, plasta, plasta ya kokoto, mbao, plastiki wala vigae mpaka uombe kibali. Sehemu yoyote. Hata kile kipande kidogo chini ya dirisha la mbele. Hata pembetatu ya gebo (ukuta wa ubavuni unaopanda hadi kilele cha paa) peke yake.

Sasa nisikilizeni kwenye Ukanda wa Kijani (Green Belt, ardhi inayozunguka miji iliyozuiwa isijengwe ovyo), maana hapa watu wanapigwa pande zote mbili. Ukanda wa Kijani peke yake HAUMO kwenye orodha hiyo. Kuna washauri wanawatisha watu wa Ukanda wa Kijani walipie maombi kamili ya kibali kwa kazi ambayo pengine haikuhitaji, na kuna wauzaji wanaowaambia watu wa Cotswolds kwamba "hii ni kama Ukanda wa Kijani tu, twende kazi". Ni vitu viwili tofauti. Ramani iko kwenye tovuti ya kaunsili yako, andika msimbo wa posta uone nyumba imeangukia wapi.

Na hata nje ya maeneo hayo yote, kuna sharti la pili ambalo wauzaji hawalitaji kamwe: vifaa vya nje vifanane kwa mwonekano na vya nyumba iliyopo. Bangaloo ya tofali nyekundu ukiifunika yote kwa plasta nyeupe, utamwambia afisa mipango zinafanana wapi? Kaunsili hazilisomi sharti hili kwa namna moja, na hapo ndipo panapohitaji karatasi. Omba cheti cha uhalali wa kazi unayokusudia. Ada yake ni nusu ya ada ya maombi ya kibali, na ukikipata, siku ya kuuza nyumba mwanasheria wa mnunuzi hana la kukuuliza.

Kabla ya yote hayo, tafuteni kibali cha kwanza kabisa kilichoijenga nyumba. Bangaloo nyingi za mashambani zilijengwa kwa sharti kwamba anayeishi humo awe mfanyakazi wa kilimo, na kwenye karatasi hiyohiyo kaunsili mara nyingine iliondoa haki zote za kujenga bila kibali. Ikiondolewa, imeondoka kwa kila mmiliki anayefuata. Hali ni hiyohiyo kwa zile banda za kilimo zilizogeuzwa nyumba kwa njia ya Daraja Q la amri hiyohiyo: hazina haki za Daraja A hata chembe, ziwe popote.

Nina ugomvi na sheria pia, siwezi kuificha. Ndani ya AONB unaruhusiwa kuongeza chumba nyuma ya bangaloo iliyosimama peke yake, mita 4 kwenda nyuma, bila kibali. Unaruhusiwa kupaka plasta iliyopo rangi yoyote unayotaka. Lakini mbao za lachi (larch, mti wa jamii ya msonobari) zilizokatwa vizuri kwenye gebo moja, zinazogeuka kijivu na kukaa kimya ndani ya mandhari, hizo uombe na usubiri wiki 8. Aliyetunga hili alikuwa analinda mandhari au analinda nini? Hata hivyo ndiyo sheria iliyopo, na kuilaumu sheria hakumpi mtu haki ya kumficha mteja.

Ukiomba kibali, peleka kitu kinachojibiwa: ramani ya mahali kwa kipimo cha 1:1250, michoro ya pande zote kabla na baada kwa 1:50 au 1:100, jina halisi la rangi na umbo la plasta. Nyeupe ya kung'aa ndiyo inayogombana na maafisa wengi wa vijijini. Rangi ya mchanga au ya jiwe la eneo hilo inapita kirahisi zaidi.

Halafu popo. Msicheke. Popo wote wanalindwa na sheria pamoja na makazi yao, hata kama hawamo siku hiyo. Popo mdogo anapita kwenye ufa wa milimita 15 hadi 20, yaani nyuma ya fishabodi iliyoachia, nyuma ya vigae vya ukutani, nyuma ya mbao kuukuu. Uchunguzi wa kuwahesabu wakitoka jioni unafanyika kati ya Mei na Septemba. Ukigundua Oktoba kwamba unauhitaji, umekwama mpaka mwaka unaofuata, na malipo ya awali ya fundi yameshaliwa. Na viota vya mbayuwayu vinavyotumika havibomolewi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo hasira yangu kubwa ilipo. Plasta mpya ni kifuniko kizuri sana cha kuficha ukuta mgonjwa.

Bangaloo hizi zina kuta mbili zenye uwazi wa kama milimita 50 katikati, zimeshikanishwa na vyuma vya mabati. Vyuma vilivyowekwa kabla ya 1981 vilipakwa zinki kidogo mno na vinaoza. Chuma kikioza kinavimba, na tofali zinapasuka kwa mstari wa mlalo kila baada ya kozi (safu za tofali) 6, yaani kila milimita 450. Ukiona mistari hiyo, USIPIGE PLASTA. Toboa tundu dogo, ingiza kamera, tazama vyuma, weka vipya vya chuma kisichoshika kutu kwanza. Kanjanja anaifuta mistari hiyo kwa plasta na baada ya majira mawili ya baridi inarudi palepale.

Mchanganyiko: saruji 1, chokaa 1, mchanga safi wa plasta 6. Koti la kwanza milimita 8 hadi 12, likwaruzwe, likauke. Koti la pili milimita 6 hadi 8, na lisiwe na nguvu kuliko la kwanza. Hawa wa haraka wanaongeza saruji wakidhani nguvu ndiyo ubora. Plasta yenye saruji nyingi inajikunja na kupasuka nyuzi nyembamba, maji ya mvua ya upepo yanaingia kwenye nyuzi hizo na hayana njia ya kutoka. Tofali nyingi za zama hizo zina chumvi ya salfeti, zikikaa na maji zinashambulia saruji ya viungo, nayo inavimba. Hapo plasta inabanduka kwa vipande vikubwa. Na msipige chini ya nyuzi joto 5, wala siku ambayo usiku wake una barafu. Fundi anayekubali kupiga plasta ya nje Januari kwa bei ya punguzo anakuuzia kazi ya kurudiwa.

Chini, plasta iishie kwenye ukingo wa chuma uliochomoza nje, milimita 150 juu ya ardhi, na isivuke DPC (tabaka la ukutani linalozuia unyevu wa ardhini usipande) hata kidogo. Ikivuka, unyevu wa ardhini unapanda ndani ya plasta, unaipita DPC, unaingia sebuleni. Halafu watu wanauziwa sindano za dawa za ukuta kutibu unyevu walioletewa na fundi wa plasta.

Jingine wasilosema: kibali cha mipango na Building Control (wasimamizi wa kanuni za ujenzi) ni ofisi mbili, sheria mbili. Ukipiga plasta upya zaidi ya asilimia 50 ya ukuta husika, kanuni za ujenzi zinataka uboreshe pia utunzaji wa joto, pale inapowezekana kiufundi na kiuchumi. Kwa povu la kutunza joto linalobandikwa nje, lengo ni thamani ya U (kipimo cha joto linalopotea ukutani, ikiwa ndogo ndiyo bora) ya 0.30, na kwa povu jeupe la kawaida mnazungumzia milimita 90 hadi 100. Hesabu hapo. Ukuta umesogea nje sentimita 10. Ukingo wa paa kwenye gebo za bangaloo nyingi umechomoza milimita 50 tu, kwa hiyo ukuta sasa umelipita paa na mvua inaingia juu ya povu. Lazima ukingo urefushwe. Vizingiti vya chini vya madirisha navyo virefushwe, mabomba ya kushusha maji yapate vishikio virefu, bomba la moshi wa boila lirefushwe na fundi gesi aliyesajiliwa. Nukuu isiyotaja haya ni nukuu ya nusu kazi. Na kama uwazi wa kati ya kuta uko mtupu, hewa baridi inazunguka nyuma ya povu lako na pesa yote imekwenda bure: ujazwe au uzibwe juu na chini kabla.

Mbao za kuvika: karatasi ya kupumua, papi zilizotiwa dawa kila milimita 400 hadi 600, nafasi ya hewa milimita 25 iliyo wazi chini na juu, na wavu wa wadudu. Mbao za mlalo zinakaa juu ya papi za wima. Mbao za wima zinataka papi za pande mbili, la sivyo unaziba hewa na mbao zinaoza kwa nyuma. Misumari iwe ya chuma kisichoshika kutu. Lachi na mwaloni zina tindikali inayokula msumari wa kawaida na kuacha michirizi meusi isiyofutika. Pigilia kila ubao peke yake, usipitishe msumari mmoja kwenye mbao mbili, zitapasuka zikitanuka. Mwisho wa chini uache milimita 200 kutoka ardhini.

Fishabodi: ukiona wanapigilia plastiki ya milimita 9 juu ya ubao ulioza, wafukuze. Ubao unaendelea kuoza gizani na gata zako zimening'inia kwenye uji. Toa wa zamani wote. Lakini kabla hawajagusa ubao wa chini ya paa, upimwe asibesto. Nyumba za miaka hiyo zimejaa, na aina ile laini ya kuzuia moto kwa kawaida hutolewa na kampuni yenye leseni tu. Anayeivunja kwa nyundo na kuitupa kwenye skipu anawatilia vumbi lake watoto wako.

NYONGEZA, kwa waliouliza hapa chini:

Mkuu uliyeuliza kama kurudia plasta ileile iliyokuwepo kunahitaji kibali: ukarabati usiobadilisha mwonekano wa nje kwa kiasi cha kuonekana hauhesabiwi kuwa ujenzi, hata ndani ya AONB. Piga picha nyingi kabla ya kubandua. Nyumba iliyoorodheshwa kihistoria ni habari nyingine kabisa.

Dada uliyesema kazi imeshafanyika na jirani ametishia kushitaki: zamani ungesubiri miaka 4. Tangu 25 Aprili 2024 ni miaka 10 kwa England, isipokuwa kazi iliyokuwa imekamilika kabla ya tarehe hiyo. Omba kibali cha baada ya kazi sasa, usisubiri notisi. Ikija notisi ya utekelezaji, rufaa lazima iingie kabla haijaanza kufanya kazi, na muda huo unaweza kuwa siku 28 tu. Notisi ikishaanza kufanya kazi, muda wa kuitekeleza ukipita hujatii ni kosa la jinai.

Na kwa aliyesaini jana sebuleni kwake: mkataba uliosainiwa nyumbani kwako na muuzaji una siku 14 za kuufuta bila kutoa sababu. Kama hakukupa taarifa ya haki hiyo kwa maandishi, muda unaongezeka hadi miezi 12 zaidi. Andika leo, kwa barua pepe, utunze nakala, na usimruhusu kuanza kazi ndani ya siku hizo, maana ukimwomba mwenyewe aanze atakudai alichokwisha kufanya.