Naomba ushauri: Jaji wa mahakama ya shirikisho Ohio anataka nieleze kwa nini shauri langu lisiondolewe kwa kukosa mamlaka

Msafiri wa Columbus

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Mimi ni Mtanzania mwenye grini kadi, na huu ni mwaka wa tisa nikiishi Columbus, Ohio. Miezi 14 iliyopita nilikuwa natoka Missouri kurudi nyumbani, lori likanigonga kwa nyuma kwenye barabara kuu ya I-70, maeneo ya Plainfield, magharibi mwa Indianapolis. Nilivunjika mfupa wa bega nikakaa miezi mitano bila kazi. Bima ya wenye lori ilinipa ahadi ya fedha isiyotosha hata deni la hospitali, ambalo limefika dola 41,000, na mawakili wawili niliowaendea hawakulipokea shauri, hivyo nikaamua kulifungua mwenyewe.

Nilichagua mahakama ya shirikisho hapa Columbus kwa sababu ni dakika ishirini kutoka kwangu, madaktari wangu wote wako hapa, na niliamini kwamba mgogoro wa watu wa majimbo mawili ni wa mahakama hiyo. Nikalipa ada ya dola 405 na kudai dola 120,000 kutoka kwa wadaiwa wawili: kampuni, ambayo ni LLC (kampuni ya dhima yenye kikomo, ambayo wenye nayo huitwa wanachama) yenye ofisi karibu na Chicago, na dereva, ambaye kwa mujibu wa ripoti ya polisi anaishi Joliet, Illinois. Kwenye fomu ya jalada niliweka alama kisanduku cha nne, cha tofauti ya uraia, yaani kwamba mdai na wadaiwa hawana uraia mmoja, na chini yake nikajitaja kuwa raia wa jimbo hili. Katika hati ya madai niliandika kwamba mimi ni mkazi wa Ohio na wadaiwa wote ni wakazi wa Illinois.

Wiki iliyopita, kabla hata hati za wito hazijawafikia wadaiwa, nimepokea amri ya kurasa mbili inayonitaka nieleze ndani ya siku 14 kwa nini shauri lisiondolewe. Mpinzani wangu hajafungua mdomo. Pingamizi hili jaji amelitoa wapi? Na je, nikilijibu, nitaruhusiwa kuendelea hapa Columbus?

Mwana wa Pangani

Pole sana, ndugu. Kwa maoni yangu ungebadilisha msingi wa madai. Usalama wa malori yanayovuka majimbo unasimamiwa na kanuni za shirikisho, hivyo sema dereva alivunja kanuni hizo, na suala litakuwa la sheria ya shirikisho bila kujali uraia wa mtu yeyote.

Mzee wa Masjala

Ndugu yangu wa Pangani, wengi wamejaribu mlango huo na mahakama nyingi zimeufunga, kwa kuwa kanuni zile hazimpi majeruhi haki ya kudai fidia. Madai ya uzembe barabarani yanatokana na sheria ya jimbo, na kutaja kanuni ya shirikisho kama ushahidi wa uzembe hakubadilishi asili yake. Tangu shauri la Mottley la mwaka 1908, Mahakama ya Juu ya Marekani imeshikilia kwamba suala la shirikisho lazima lionekane ndani ya madai yenyewe.

Sasa nirudi kwa mwenye uzi. Mahakama za shirikisho ni mahakama zenye mipaka: zinasikiliza yale tu ambayo katiba na Bunge zimeziruhusu, na kila jaji ana wajibu wa kujikagua kabla hajamsikiliza mtu. Ndiyo maana amekuuliza bila kusubiri upande wa pili. Kasoro ya mamlaka juu ya aina ya shauri haiponi kwa ukimya wa mdaiwa wala kwa makubaliano ya pande zote, na inaweza kuibuliwa hata baada ya hukumu. Mwaka 1804, katika shauri la Capron dhidi ya Van Noorden, mdai mwenyewe alishindwa, akakata rufaa akisema mahakama aliyoichagua yeye haikuonyeshwa kuwa na mamlaka, na akafanikiwa! Hata wewe ukishinda leo, ushindi huo unaweza kufutwa baada ya miaka mitatu ya gharama.

Kwenye msingi wa tofauti ya uraia unatakiwa kuonyesha mambo mawili. Kiasi kinachobishaniwa kizidi dola 75,000 bila riba wala gharama za shauri. Kwa bega lililovunjika na miezi mitano bila mshahara, hapo sioni shida. La pili ni kwamba hakuna mdai hata mmoja anayelingana uraia na mdaiwa hata mmoja, sharti lililotamkwa mwaka 1806 katika Strawbridge dhidi ya Curtiss. Hapo ndipo hati yako inapopwaya.

Kwanza, uliandika ukazi badala ya uraia. Kwa Mmarekani, uraia wa jimbo ni pale alipoweka makazi akiwa na nia ya kubaki, na anaweza kuwa mkazi wa mahali ambapo si raia wake. Pili, wewe mwenyewe si raia wa Ohio. Kisanduku cha nne ni sawa, ila pale chini ulipojitaja kuwa raia wa jimbo ndipo ulipokosea. Ungali raia wa Tanzania, na sheria inaruhusu mashauri kati ya raia wa majimbo na raia wa nchi za nje. Mwenye grini kadi anazuiwa tu pale anapobishana na raia wa jimbo lile lile alikoweka makazi. Tatu, umeichukulia LLC kana kwamba ni shirika (corporation). Shirika ni raia wa jimbo lilikoandikishwa na jimbo yaliko makao yake makuu, yaani pale uongozi unapoendeshea shughuli, kama ilivyoamuliwa mwaka 2010 katika shauri la Hertz. LLC haifuati utaratibu huo. Inabeba uraia wa kila mwanachama wake, na mwanachama mmoja tu aliye raia wa Ohio ataifanya kampuni nzima kuwa raia wa Ohio pia.

Msafiri wa Columbus

Nashukuru sana, Mzee. Nimeangalia tovuti ya jimbo la Illinois, nikakuta majina mawili ya wasimamizi wa kampuni, wote wenye anwani za vitongoji vya Chicago. Je, hiyo inatosha? Kuhusu dereva sina wasiwasi, kwa kuwa anwani yake iko wazi kwenye ripoti. Ni mtu muungwana, kusema kweli. Tulipokuwa tumesimama pembeni mwa barabara, aliposikia nikiongea na mke wangu kwa simu alinisogelea akanipa pole kwa Kiswahili, akaniambia yeye ni mzaliwa wa Bukavu na kwamba alifika Marekani mwaka 2019.

Bint Makame

Ndugu Msafiri, sentensi yako ya mwisho ina uzito kuliko kila ulichoandika kabla yake. Kama dereva huyo hajaapishwa kuwa raia wa Marekani, awe na grini kadi kama wewe au la, basi mbele ya sheria hii yeye ni mgeni, yaani raia wa nchi ya nje, nawe ni mgeni. Mgeni akimdai mgeni, tofauti ya uraia hakuna, hata kama mmoja ni Mtanzania na mwingine ni Mkongo, na hata kama pembeni ya mgeni mdaiwa amesimama raia wa Illinois. Niliwahi kufanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili, na shauri la namna hii niliona likiondolewa baada ya miezi kumi na sita, wakati mashahidi walikwisha hojiwa. Ripoti ya polisi huonyesha anwani na leseni, haionyeshi uraia.

Mzee wa Masjala

Bint Makame ameliona kabla yangu. Kama ni kweli, dawa ipo, nayo ni kumwondoa dereva na kubaki na kampuni peke yake. Mwajiri anawajibika kwa uzembe wa mwajiriwa wake akiwa kazini, hivyo dereva si mtu ambaye shauri haliwezi kusimama bila yeye, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ilithibitisha katika shauri la Newman-Green kwamba mdaiwa wa aina hiyo anaweza kuondolewa ili kuokoa mamlaka. Kwa kuwa wadaiwa hawajajibu, unaweza kurekebisha hati yako mara moja bila kuomba ruhusa. Majina ya wasimamizi lakini hayatoshi, maana msimamizi si lazima awe mwanachama. Tangu Desemba 2022, kanuni ya 7.1 ya mwenendo wa mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho inazitaka pande zote katika mashauri ya uraia ziwasilishe tamko la uraia wao, kwa hiyo unaweza kueleza kile unachokijua, ukamwomba jaji muda hadi kampuni itoe tamko lake.

Bint Makame

Mzee, nakubaliana nawe kuhusu dereva, lakini kuokoa mamlaka hakuiokoi Columbus. Kuna maswali mengine mawili yasiyopaswa kuchanganywa na lile la kwanza.

Swali moja ni kama mahakama za Ohio zina mamlaka juu ya kampuni hii. Ofisi yake iko Illinois na ajali ilitokea Indiana. Maumivu uliyoyabeba hadi nyumbani hayaipeleki kampuni Ohio, na hata kama malori yake hupita huko, madai yako hayakutokana na safari hizo. Swali jingine ni mahali pa kufungulia. Sheria inataja wilaya (eneo la mahakama ya shirikisho) ambako mdaiwa anakaa, iwapo wadaiwa wote ni wa jimbo hilo, au wilaya ambako sehemu kubwa ya matukio ilitokea. Wilaya anakokaa mdai haimo kabisa, ingawa watu wengi hudhani imo. Kwako kuna Wilaya ya Kusini ya Indiana na Wilaya ya Kaskazini ya Illinois.

Mzee wa Masjala

Hilo silipingi, ila tukumbuke kwamba mapingamizi hayo mawili ni mali ya mdaiwa. Asipoyatoa katika jibu au ombi lake la kwanza, ameyapoteza. Na akiyatoa, jaji anaweza kulihamishia shauri Indiana badala ya kuliondoa, hata pale ambapo hana mamlaka juu ya mdaiwa. Hayo yaliamuliwa mwaka 1962 katika shauri la Goldlawr. Mimi ningerekebisha hati na kuomba uhamisho mimi mwenyewe, nisipoteze ada.

Bint Makame

Kampuni ya bima ina mawakili wa kulipwa, Mzee. Hawatasahau pingamizi la ukurasa mmoja. Na uhamisho ni hiari ya jaji. Ukomo wa muda wa kufungua madai Indiana ni miaka miwili tangu ajali, na kwako imebaki miezi kumi, na tukigundua baadaye kwamba mwanachama mmoja wa LLC hana uraia wa Marekani, au anaishi Ohio, tutakuwa tumerudi mwanzo huku kalenda ikitembea.

Ushauri wangu ni kuwasilisha notisi ya kuliondoa shauri kwa hiari yako, jambo ambalo unaruhusiwa kabla ya mdaiwa kujibu na bila kupoteza haki ya kufungua upya, kisha ufungue katika mahakama ya jimbo la Indiana ukiwadai wote wawili. Mahakama ya jimbo haiulizi uraia wa mtu. Tena dereva akiwa mgeni kama wewe, kampuni haitaweza kulihamishia mahakama ya shirikisho, ilhali ukimwacha nje itakuwa na siku 30 za kufanya hivyo.

Mzee wa Masjala

Kwa hoja ya kalenda, naondoa pendekezo langu. Dola 405 ni chungu, lakini miezi kumi ni michache. Wadaiwa wote wawili kuwa Illinois kunakuruhusu pia kwenda mahakama za jimbo hilo, ila polisi na shahidi wa ajali wako Indiana.

Msafiri wa Columbus

Nimeandika notisi jana usiku, ni sentensi mbili tu, na Jumatatu asubuhi nitaipeleka masjala mwenyewe, siku tano kabla ya zile 14 kwisha. Nimepiga simu Indiana pia. Karani ameniambia nisikimbilie Indianapolis kwa sababu Plainfield iko Kaunti ya Hendricks, na kaunti ilikotokea ajali ni mojawapo ya zile zinazokubalika kwa kufungulia. Mahakama yenyewe iko mji wa Danville, mwendo wa saa tatu na ushee kutoka hapa kwa gari. Mke wangu ameuliza kama tutapita njia ile ile ya I-70.