Vichwa vya treni za mvuke vilivyovuta shaba ya Kilembe viliishia wapi?

mjukuu_wa_fayamani: Wakuu habari za jioni. Babu yangu alikuwa fayamani, yaani mtunza moto wa kichwa cha treni, reli ya Kampala–Kasese kule Uganda enzi za East African Railways, kazi yao kubwa ilikuwa kuvuta shaba ya mgodi wa Kilembe mpaka kiwanda cha kuyeyushia Jinja. Bado ana kovu mkononi la bomba la mvuke, akilisugua tu najua hadithi inakuja. Sasa juzi kaniuliza, yale ma-Garratt, vile vichwa vikubwa vya mvuke, yako wapi siku hizi? Nikakosa jibu. Kuna anayejua?

reli_ya_kati: Shikamoo ya babu uifikishe mkuu. Ile reli ilifika Kasese 1956 na mgodi ndio uliofanya ijengwe, bila shaba isingefika kule magharibi. Ikavunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977, shirika la reli likagawanywa, dizeli nazo zilishaanza kushika njia, na mgodi wenyewe ukafa mwanzoni mwa miaka ya 80. Vichwa vingi vya mvuke vilikatwa vikauzwa chuma chakavu. Inauma sana, kichwa cha zaidi ya tani mia kilichotengenezwa Manchester kinakatwa vipande kwa gesi utadhani bati la banda.

mama_Kui: Si vyote lakini. Nenda Railway Museum hapa Nairobi, iko tangu 1971. Kuna 6006 ya klasi ya 60, zamani iliitwa Sir Harold MacMichael, hizo zote zilipewa majina ya magavana na baada ya uhuru vibao vikatolewa. Kuna pia 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Hizo klasi ya 59 zilikuwa 34 tu na hakuna kichwa cha mvuke cha reli ya upana wa mita moja duniani kilichozishinda nguvu. Mount Gelai ilifufuliwa ikavuta safari kadhaa miaka ya 2000, mimi naona ingetunzwa itembee kuliko kusimama juani inaota kutu.

reli_ya_kati: Kweli kabisa. Na mpeleke apande ndani ajionee, boila iko katikati halafu injini mbili, moja mbele moja nyuma, kila moja na magurudumu yake, ndo maana ilikuwa inakata kona kali na mzigo wote ule. Zilikuwa zinachoma mafuta mazito, fayamani wa huku hakushika sepetu, kazi yake ilikuwa valvu ya mafuta na kuchungulia rangi ya moshi. Ukiwa mweusi mafuta yamezidi.

mjukuu_wa_fayamani: Asanteni sana wakuu, nimempigia sasa hivi. Nilipotaja moshi mweusi akanikatiza, akasema ukitoka mweusi dereva alikuwa hasemi kitu, anakugeukia anakutazama tu. Halafu akaniuliza basi la Nairobi linaondoka saa ngapi.