Mvinyo wa boksi wa Dodoma na mboga za nyumbani: mweupe mkavu, mwekundu mkavu au mtamu?

Kibao_cha_Nazi: Wakuu, nalinganisha mvinyo wa Dodoma, mweupe mkavu (yaani usio mtamu), mwekundu mkavu na mwekundu mtamu, kwa mboga tatu: mchicha wa nyanya, kisamvu cha nazi na karanga, na nyanya chungu. Upi uende na nini? Na boksi lenye koki au pakiti ya lita 1?

Fundi Zabibu: Mchicha: mweupe mkavu, bila ubishi. Nyanya na ndimu zina uchachu. Mvinyo usio na uchachu wa kutosha utapooza mdomoni. Mweupe mwingi wa Dodoma ni wa zabibu ya Chenin Blanc, na uchachu unao. Uwe baridi, nyuzi 8 hadi 10.

Mwekundu mkavu wa zabibu ya Makutupora una ukakasi, ule unaokausha ulimi. Ukikutana na uchungu wa nyanya chungu, vinazidishana. Upeleke kwenye kisamvu, maana mafuta ya tui na karanga yanaulainisha ule ukakasi. Kama unaishi joto la Dar, uweke kwenye friji nusu saa kwanza.

Mama Sufuria: Mvinyo hautaokoa mchicha uliogeuka supu. Mafungu mawili, osha maji matatu, chuja mpaka yaache kudondoka. Kaanga kitunguu kimoja kwa vijiko viwili vya mafuta, tia nyanya moja, ikauke. Ndipo mchicha, moto mkali, bila mfuniko, dakika 4 au 5. Chumvi mwishoni, ukiitia mapema inavuta maji kutoka kwenye majani. Ndimu baada ya kuepua.

Kisamvu kitwangwe kwanza, halafu kichemshwe bila mfuniko dakika 40 au zaidi, tui lisubiri. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi: kutwanga kunaifungua, mvuke unaitoa. Ukifunika unaizuia isitoke.

Kibao_cha_Nazi: Asante dada. Na nyanya chungu?

Mama Sufuria: Zikate nne, ziloweke kwenye maji ya chumvi dakika 20, mwaga. Chumvi inapunguza uchungu. Chagua changa za kijani. Zikianza kuwa nyekundu ni chungu kweli na mbegu ni ngumu.

Fundi Zabibu: Zikipikwa hivyo, mweupe unakubali. Ukitia pilipili, hapo ndipo mtamu una kazi: sukari inatuliza, wakati mkavu wenye kilevi cha asilimia 13 unaongeza moto. Nje ya hapo mtamu sina haja nao mezani, unaifanya mboga ionekane haina chumvi.

Koki ya Boksi: Kuhusu chombo, mkuu. Boksi la lita 3 ni chupa 4 za mililita 750. Ndani kuna mfuko unaosinyaa kadiri unavyomimina, hewa haiingii, kwa hiyo kwenye friji unakaa wiki 4 hadi 6. Pakiti ya lita 1 ikishafunguliwa ni kama chupa tu, siku 3 hadi 5 basi. Ila mfuko ni plastiki, na hewa hupenya polepole hata kabla hujaufungua. Angalia tarehe ya kujazwa. Ukishapita mwaka, acha. Boksi lililopangwa juani mlangoni mwa duka nalo liache. Joto likiupiga, mweupe unakuwa wa kahawia na unanuka tufaha lililooza.

Soma pia lebo. Iandikwe mvinyo wa zabibu, si kinywaji chenye ladha ya zabibu.

Mgogo_wa_Mlenda: Mbona hamjaugusa mlenda?

Fundi Zabibu: Mlenda wenye magadi unaua uchachu wa mvinyo wowote, unabaki kama maji ya zabibu. Upike bila magadi, wa karanga, kisha mweupe. Mwekundu hapana, ule utelezi unaacha ukakasi umeganda kwenye ulimi.

Mgogo_wa_Mlenda: Bila magadi hauvutiki vizuri. Basi mimi nitakunywa baada ya kula.