Mikataba ya kimataifa inamlinda nani intaneti ikizimwa?

Mleta mada, Chumbageni: Wanabaraza, tuongee bila jazba. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania nzima. Nchi hii imo kwenye Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa tangu 1976, na ibara ya 19 inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Mkataba huo una kazi gani? Mimi nasema unayo, ila mlango wa kuutumia ni mwembamba.

Kijana wa Duga: Kazi gani, kaka? Kifungu cha 3 cha ibara hiyohiyo kinaruhusu mipaka kwa ajili ya usalama wa taifa. Na katiba ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ibara ya 35, inairuhusu nchi kusimamisha mawasiliano ya kimataifa, mradi iwaarifu wenzake. Waliotunga walijiachia njia.

Mama Dagaa, Deep Sea: Nyie mna ibara, mie nina mteja Arusha. Mashua zikishusha samaki alfajiri napiga picha, natuma WhatsApp, anachagua, boksi la barafu linapanda basi. Siku zile nikamwelezea samaki aina ya changu kwa simu, kwa mdomo tu. Mzigo ulipofika akasema wadogo, akakata bei. Nimdai nani?

Mleta mada: Mama, hapo ndipo penyewe. Duga, umeruka kipande: zuio lazima liwe kwenye sheria, tena liwe la lazima kweli. Togo ilizima intaneti 2017. Mwaka 2020 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ikaamua imevunja haki, maana hapakuwa na sheria iliyoruhusu. Kwetu, Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya.

Kijana wa Duga: Na sheria ikaja kurekebishwa 2023. Miaka minne! Halafu 2019 hiyohiyo Tanzania ikaondoa tamko lililomruhusu raia kwenda mwenyewe Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu.

Mleta mada: Kweli, mlango huo umefungwa. Ule wa Mahakama ya Afrika Mashariki uko wazi, ila unapewa miezi miwili tu ya kufungua shauri. Ndiyo maana nasema wachuuzi watunze risiti na meseji za wateja kuanzia siku ya kwanza, wapeleke shauri kwa pamoja.

Mama Dagaa: Miezi miwili ile si imeshapita? Na wakili tunamlipa kwa changu?