Mjadala: Muuza mbegu za dume alazimishwe kutangaza majibu ya vipimo vya kurithi?

Wafugaji wenzangu, wapo wanaosema kupima magonjwa ya kurithi ni hiari ya mwenye mnyama, na kutangaza majibu ni kumharibia biashara. Napinga. Anayeuza mbegu za dume, wa ng'ombe au wa farasi, apime, na majibu yawe wazi kabla mnunuzi hajatoa hela.

Mwangalieni Chief, dume wa ng'ombe wa maziwa wa Holstein aliyezaliwa Marekani mwaka 1962. Mabinti zake walitoa maziwa mengi mno, kwa hiyo uzao wake ukaenea duniani. Kumbe alibeba kasoro kwenye jeni ya APAF1. Wabebaji wawili, yaani wanyama wazima wenye nakala moja ya kasoro, wakipandishwa, kwa wastani mimba moja kati ya nne hufia tumboni. Watafiti walikadiria mimba zilizopotea kwa kasoro hiyo kuwa kama 500,000. Na mfugaji aliona nini? Ng'ombe karudi kwenye joto, anataka dume tena, basi. Lawama anatupiwa mhimilishaji, au ng'ombe mwenyewe anauzwa kwa kuitwa tasa.

Kwa farasi wa Kiarabu inauma zaidi. Mtoto mwenye SCID, ugonjwa wa kurithi wa kukosa kinga ya mwili, huzaliwa anaonekana mzima, ananyonya, anarukaruka. Kinga aliyoipata kwenye dang'a ikishapungua, nimonia inamwingia, na hakuna dawa itakayomwokoa. Kipimo chake kipo tangu miaka ya 1990, na vipimo vingi vya farasi vinahitaji nywele chache tu za singa zilizong'olewa na vishina vyake!

Hofu kwamba tutaondoa wanyama wazuri naiheshimu. Tukimtupa kila mbebaji, koo za mbegu zitabaki chache na kasoro nyingine zitajitokeza. Lakini sijasema watupwe. Kwa magonjwa haya mawili, mbebaji akipandishwa na asiye na kasoro hapatikani mgonjwa. HYPP, ugonjwa wa kurithi wa misuli ya farasi, ni kesi nyingine: nakala moja tu yatosha kuleta mitetemo ya misuli, ndiyo maana chama cha farasi wa aina ya Quarter Horse cha Marekani hakisajili wenye nakala mbili waliozaliwa kuanzia 2007.

Gharama je? Dume mmoja anaweza kuwa na mabinti maelfu, na anapimwa mara moja tu. Mnaotaka majibu yabaki siri, nijibuni: mimba zikipotea, nani amfidie mfugaji?