Flashi nje ya kamera: picha za sikukuu sebuleni zinanitoa jasho

Shangazi wa Kamera
Hamjambo wakuu. Katika ukoo wetu mimi ndiye mpigapicha wa sikukuu, cheo kisicho na mshahara. Nilichoka na flashi ya juu ya kamera: nyuso zinang'aa mafuta, na kila mtu amebandikwa kivuli cheusi ukutani. Sasa nina flashi kwenye stendi, inawashwa kwa triga ya redio, yaani kifaa kisicho na waya kinachoiambia iwake ninapopiga. Vivuli vimepungua, ila limezuka jingine. Walioketi karibu na flashi wanatoka weupe pe, wazee wa mwisho wa kochi wako gizani. Tena chumba chenye taa tele kinaonekana cheusi nyuma ya watu. Sitaki kugeuza sebule kuwa studio. Watu wanakula, watoto wanakimbizana. Flashi niiweke wapi?

Kivuli Laini
Shikamoo shangazi. Flashi yako haina ubaya, mwanga ndivyo ulivyo: umbali ukiwa mara mbili, unabaki robo. Aliye mita 1 kutoka kwenye flashi anapata mara tisa ya anachopata aliye mita 3. Hakuna namba ya kamera itakayowapatanisha hao wawili. Safari ya mwanga lazima iwe ndefu kwa wote, na ndani ya nyumba dari ndiyo inayoirefusha.

Mimi huiweka flashi juu ya kabati, imewapa watu kisogo, inatazama pale ukuta unapokutana na dari. Kona nzima inageuka taa. Anza na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 800, tundu la lenzi f/4, shata 1/125 ya sekunde, nguvu ya flashi 1/8 ya nguvu yake yote. Pakiwa giza panda hadi 1/4. Acha TTL, yaani kamera kujipangia nguvu ya flashi; panga nguvu mwenyewe. Wewe utazunguka, utachuchumaa, utapanda kiti, lakini flashi na dari havijasogea, kwa hiyo mwangaza ni uleule. Faida nyingine: TTL hurusha mmweko mdogo wa kupima kabla ya picha, na kuna watu wepesi wa kope ambao kila picha wametoka wamefumba. Kila familia ina mmoja.

Huo weusi wa nyuma, nahisi uko ISO 100 na shata 1/200. Flashi huwaka na kuzima haraka kuliko shata, hivyo kuchelewesha shata hakuiongezei flashi kitu. Kunaziongezea taa za chumba. Shuka 1/60 uone ukuta unavyofufuka. Chini ya hapo watoto wataanza kuacha mkia nyuma yao. Kupanda nako kuna mpaka: ukivuka kasi ambayo kamera yako inakubaliana na flashi, mara nyingi 1/200 au 1/250, utapata mstari mweusi upande mmoja wa picha.

Mzee wa Betri
Nakubali, ila dari ikipigwa juu kabisa ya vichwa huwachimba watu mashimo machoni. Iwe kona kweli, upande wa mbele yao. Na rangi mmeisahau: kwa kelvin (K), kipimo cha rangi ya mwanga, balbu za manjano ziko kama 2700 hadi 3000K, flashi kama 5500K. Ukiiacha hivyo, watu wanatoka sawa na chumba kinatoka cha machungwa. Bandika plastiki ya machungwa ya flashi mbele ya kichwa chake, kisha iambie kamera kwamba uko chini ya balbu. Ukuta wa kijani usiuguse, utawapa wote sura ya wagonjwa.

Shangazi wa Kamera
Marahaba mwanangu, na ahsante mzee. ISO 100 umenishika! Tatizo dari yangu ni ya mbao, nyeusi-nyeusi.

Kivuli Laini
Basi iache, itakula mwanga na kurudisha udhurungi. Una ukuta mweupe nyuma yako unapopiga? Piga huo. Kama hauna, tundika shuka jeupe, hata juu ya pazia, flashi ilitazame kwa karibu ili doa la mwanga lijae shuka zima. Mwavuli mweupe nao unafaa, ila ile hesabu ya umbali inarudi: uweke juu na mbali, umbali wake hadi mtu wa kwanza na hadi wa mwisho kochini ukaribie kulingana. Stendi isimame nyuma ya kiti kizito, mguu mmoja umefungiwa mzigo, maana mwavuli ukisukumwa na mtoto unaanguka na flashi yake.

Miwani ya babu ikirudisha mwanga, pandisha stendi au isogeze pembeni. Usimwombe aivue. Ataivua, na picha zote zilizobaki atakuwa anaitafuta.