Naomba ushauri: uwanda wa ziwa kavu kwa jaribio la kasi

Wakuu, habari za leo. Tuko Dar, tunatafuta uwanda wa kujaribia gari la matairi ya mpira kwa kilomita 300 kwa saa. Zinatakiwa kilomita 8 zilizonyooka: 4 za kuchanganya, 1 ya kupimia, 3 za kusimama.

Tumepima Ziwa Eyasi wakati wa kiangazi. Nondo ya milimita 12 ikidondoshwa kutoka mita 1 inazama sentimita 2 kando ya ziwa, lakini katikati inazama 6, maana chini ya gamba la chumvi bado kuna tope. Pikapu ikipita kwa kilomita 80 inaacha alama za kina cha milimita 15. Hapo ndipo hofu yetu ilipo: tairi moja likizama zaidi ya jingine, gari linavutwa upande.

Hakskeen Pan, ziwa kavu la Afrika Kusini ambako Bloodhound (gari la Uingereza la injini ya jeti) ilifika kilomita 1,010 kwa saa mwaka 2019, ni ngumu kweli, ila kule mawe yaliokotwa kwa mikono kwanza.

Naombeni msaada: ugumu upimwe kila baada ya mita ngapi, na hadi kina gani? Na baada ya mvua, mnatumia kipimo gani kujua kwamba chini nako kumekauka?